Mtoto Aliyepitia Vita: Aulizwe au Aachwe?

Katika shule za msingi za Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, ni nadra mwanafunzi kumaliza darasa la saba bila kuandikishwa insha kuhusu siku asiyoisahau maishani. Wengi huandika safari ya kwenda kwa bibi, harusi ya shangazi au siku waliyopotea Kariakoo. Kwa mtoto aliyezaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo, akavushwa Ziwa Tanganyika usiku na hatimaye akafikia chumba cha kupanga Temeke, mada hiyo ina uzito mwingine kabisa. Akiandika ya kweli, atakuwa amefungua jambo ambalo mwalimu mwenye darasa lililofurika hana muda wala mafunzo ya kulishughulikia. Akitunga ya uongo, atapata alama zake na mambo yataishia hapo, ila atakuwa amejifunza kwamba sehemu kubwa ya maisha yake haina nafasi katika daftari.

Je, mtoto aliyepitia vita aulizwe yaliyomkuta, au aachwe anyamaze? Swali hili halimhusu mwalimu peke yake. Linamhusu mwandishi wa habari anayetafuta sura ya mtoto kwa ajili ya ukurasa wa mbele, mtumishi wa shirika la misaada anayehitaji ushuhuda wa kuwaonyesha wafadhili, mwendesha mashtaka anayejenga kesi, na mzazi asiyejua amweleze mwanawe kiasi gani. Tangu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na hasa baada ya wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za Kusini mwa Afrika kukutana hapa Dar es Salaam tarehe 8 Februari mwaka huo kuujadili mgogoro huo, simu za wakazi wa jiji hili zimekuwa zikipokea picha za watoto wa Kongo juu ya zile za watoto wa Sudan na Gaza zilizotangulia. Kuwatazama, tunawatazama sana. Kuhusu kuwasikiliza, hata wenye nia njema wamegawanyika, na kila upande una methali yake: mmoja unasema mficha maradhi kifo humuumbua, mwingine unajibu funika kombe mwanaharamu apite.

Wanaotaka mtoto aulizwe huanza na sheria. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaitambua haki hiyo. Mwaka 1996 Graça Machel, mtetezi wa haki za watoto kutoka Msumbiji, aliwasilisha Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu athari za vita kwa watoto, ripoti iliyozaa wadhifa wa mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu anayeshughulikia suala hilo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Sierra Leone ilikwenda mbele zaidi: ilipokea maelezo ya watoto kwa faragha, na mwaka 2004 ikawa na toleo la ripoti yake lililoandikwa kwa lugha ambayo watoto wenyewe wangeielewa. Hizo ni hatua za maana, lakini haki iliyoandikwa haituambii bado kama kuitumia kutamsaidia mtoto fulani, siku fulani, mbele ya mtu fulani.

Kwa maoni yangu, hoja yao yenye uzito zaidi ni ya kihistoria. Mwaka 1942 Tanganyika ilianza kupokea wakimbizi wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto, ambao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa Siberia na sehemu nyingine za Urusi ya Kisovieti, kisha wakatoka huko kupitia Iran. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyochukua takriban watu 5,000, na makaburi yao yapo hadi leo. Wenzao waliobaki Mashariki ya Kati waliandikishwa insha shuleni, kwa agizo la mamlaka za Kipoland zilizokuwa uhamishoni, wakieleza siku walipochukuliwa nyumbani, safari ya treni, njaa, na vifo vya ndugu zao. Insha hizo zimehifadhiwa, na bila hizo tungekuwa na takwimu za waliohamishwa bila kujua mtoto wa miaka 10 aliuonaje uhamisho ule. Hata hivyo mfano huo ni msumeno, unakata mbele na nyuma, kwa sababu mamlaka zilizoagiza insha zilikuwa zikikusanya ushahidi dhidi ya Wasovieti, na sidhani kama kuna aliyesimama mbele ya darasa akawaambia wanafunzi kwamba anayetaka anaweza kuliacha swali hilo.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuelekea Uganda, na maelfu ya wakazi wakakimbilia kusini. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akiwa Dar es Salaam, na hadi leo watu wazima wengi wa jiji hili wanaweza kukukamilishia maneno yake kuhusu uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi. Tunafahamu habari za daraja la Kyaka, tunajua kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa wetu, wakiwamo waliozikwa Kaboya, wilayani Muleba. Lakini mtoto wa miaka 8 wa Mutukula au Minziro alivuka mto na nani? Alilala wapi mvua za Novemba zilipokuwa zikinyesha, nani alipotea njiani, na aliporudi kwao alikuta nini? Hayo ni nadra kuyasikia, ingawa mtoto huyo sasa amevuka miaka 55 na huenda ni jirani yako Kimara au Ukonga.

Si Vita vya Kagera peke yake vilivyokumbukwa kwa namna hiyo. Sanamu ya Askari katika mtaa wa Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi yanayomwahidi mpiganaji kwamba hata akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Mtoto yumo katika ahadi hiyo kama mtunza jina la baba. Kwamba mtoto huyo huyo wa Vita Kuu ya Kwanza aliona chakula na mifugo ya kwao vikikombwa na majeshi, na kwamba huko Ugogo alikumbwa na njaa iliyoitwa Mtunya, hilo halimo katika shaba wala katika jiwe.

Kwa hiyo wanaosema tuulize wana jambo. Kimya kina gharama, na anayeilipa mara nyingi ni aliyenyamazishwa kwa kutoulizwa. Ugumu unaanza pale tunapodhani kwamba, kwa kuwa kimya kina gharama, basi kusema ni bure.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtu aliyenusurika janga anafaa kuketishwa mapema na kusimulishwa yote, ili aliteme lililomkaba. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 kuhusu vikao hivyo vya mara moja, ambavyo wengi wa washiriki wake walikuwa watu wazima, hayakuona kwamba vinazuia kiwewe, na baadhi ya tafiti zilionyesha waliosimulishwa wakiwa na hali mbaya kuliko walioachwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi utaratibu huo. Kama mtu mzima mwenye uwezo wa kukataa anaweza kuumizwa na kikao cha namna hiyo, tuna sababu ya kuwa waangalifu mara mbili kwa mtoto ambaye, katika malezi yetu, amefundishwa kwamba mkubwa akiuliza ni lazima ajibiwe. Shikamoo ni heshima nzuri, lakini mtu anayekuja na daftari au kamera anapaswa kukumbuka kwamba mtoto anayemwamkia hajioni kama mtu mwenye hiari ya kusema hapana.

Lipo pia tatizo la maswali yenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliendesha vituo vya kulelea watoto mjini London, na walibaini kwamba watoto wengi waliopitia mabomu wakiwa pamoja na mama zao walikuwa na utulivu zaidi kuliko waliopelekwa mbali kwa usalama wao na kutenganishwa na wazazi. Mtu mzima huuliza kuhusu risasi, maiti na moto kwa sababu hayo ndiyo anayoyahesabu kuwa vita. Huenda mtoto amebeba jambo jingine kabisa: siku mama alipomwacha kwa majirani akasema atarudi, mbwa aliyefungwa uani na hakufunguliwa, mdogo wake aliyekuwa akilia wakati wote wameambiwa wanyamaze. Hayo mhojaji hayaulizi, na kwa vile hayakuulizwa, mtoto huhitimisha kwamba si mambo ya maana. Ndiyo maana shuhuda nyingi za watoto tunazozisoma zinafanana mno. Watoto hawakuishi vita vinavyofanana, ila waliulizwa maswali yaliyofanana.

Anayetaka kuona kusimulisha kunavyoweza kuharibika hata mikononi mwa wataalamu, aiangalie kesi ya kwanza ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) iliyopo The Hague. Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Kongo, alishtakiwa kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, mashariki mwa Kongo, mwaka 2002 na 2003. Kesi ilifunguliwa Januari 2009, na shahidi wa kwanza alikuwa kijana aliyedaiwa kuwa alitumikishwa utotoni. Asubuhi alieleza jinsi alivyochukuliwa. Baadaye siku hiyo hiyo, akiwa amekaa mahali anapoonana na mshtakiwa, aliikana kauli yake na kusema kwamba alifundishwa la kusema na watu wa shirika. Majuma mawili baadaye alirudi, safari hii akiwa amekingwa asionane na mshtakiwa, akasimulia upya. Lubanga alitiwa hatiani Machi 2012 na akahukumiwa kifungo cha miaka 14, lakini majaji walikataa kutegemea ushuhuda wa karibu wote walioletwa na upande wa mashtaka kama askari watoto wa zamani, na waliukosoa upande huo kwa kuwaachia watu wa kati kazi ya kuwatafuta mashahidi bila usimamizi wa kutosha. Picha za video na ushahidi mwingine ndio uliobeba kesi.

Wapo wanaoisoma kesi hiyo kama hoja ya kuwaweka watoto mbali na mahakama kabisa. Mimi nadhani wanakwenda mbali mno, maana kosa la kumwandikisha mtoto lisingefika hata mlangoni mwa mahakama kama hakuna mtoto yeyote aliyewahi kumwambia mtu lililomkuta. Ninachokiona ni kwamba kati ya kinywa cha mtoto na sikio la jaji palikuwa na mikono mingi, kila mmoja ukiwa na haja yake, na simulizi ilibadilika kadiri ilivyopokezanwa.

Haja za msikilizaji hazionekani mahakamani tu. Wafadhili, wasomaji na watazamaji humtaka mtoto asiye na doa, aliyetendewa na asiyetenda. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na waasi wa Lord's Resistance Army akiwa mtoto, njiani akielekea shule, akakulia humo hadi akawa kamanda. Mwaka 2021 ICC ilimtia hatiani kwa makosa 61 na kumhukumu miaka 25, huku majaji wakiuzingatia utoto wake ulioporwa katika kupanga adhabu. Mtoto aliyebeba bunduki, aliyeelekeza nyumba ya jirani, au aliyekula chakula kilichoporwa huku akijua kimeporwa, anajua haraka ni sehemu gani ya simulizi yake inayotakiwa na ipi aifiche. Tukisema tunampa sauti huku tukikata nusu ya maneno, afadhali tungemwacha.

Halafu kuna Dar es Salaam yenyewe, na hapa ndipo mjadala wa kimataifa unapotuacha. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi anatakiwa kuishi katika maeneo yaliyotengwa, ambayo mwaka 2025 yalikuwa hasa kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma, na hutoka huko kwa kibali. Familia iliyojitafutia maisha jijini bila kibali hicho inaishi kwa kutojulikana. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Kimarekani Marc Sommers alifuatilia maisha ya vijana wa Kirundi waliokuwa mafundi cherehani hapa jijini wakificha asili yao. Wengi walikulia katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakiwa watoto wa familia zilizokimbia mauaji ya mwaka 1972. Hofu waliyokuja nayo mjini kwa sehemu kubwa waliirithi kutoka katika masimulizi ya wazee wao, jambo linalowapa nguvu wanaosema kwamba simulizi za vita, zikimwagiwa mtoto bila kipimo, zinaweza kumtia katika vita ambavyo hakuviona.

Kwa mtoto wa familia kama hizo, kuulizwa ametoka wapi si maneno ya kujuana. Akisema "batoto" badala ya "watoto", darasa linacheka, na kicheko hicho kinawafikia wazazi kama taarifa ya hatari. Nyumbani ameonywa asitaje Bukavu, aseme wanatoka Kigoma. Wanaharakati wanaosema watoto waachiwe waseme wanapaswa kulitazama hili usoni: katika mazingira hayo, insha ya kweli inaweza kuiondoa familia nzima jijini. Ni haki pia kuusema upande wa serikali. Tanzania imebeba mzigo ambao nchi tajiri zimeukwepa: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliingia kutoka Rwanda kupitia Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na baadaye zaidi ya watu 160,000 wa jamii ile ya Warundi wa mwaka 1972 walipewa uraia. Nchi iliyofanya hayo haiwezi kuitwa katili kwa sababu tu inataka kujua nani anaishi wapi. Lakini usalama wa nchi, hata tukiukubali wote, hauhitaji mtoto wa darasa la nne aogope daftari lake, na sioni ni kwa nini maneno ya mwanafunzi darasani yasilindwe kama yanavyolindwa maneno ya mgonjwa kwa daktari.

Kati ya kuuliza na kunyamaza zipo njia ambazo hazijadiliwi vya kutosha. Mwaka 2005 watafiti wa Human Rights Watch walikwenda katika kambi za wakimbizi wa Darfur nchini Chad. Walipokuwa wakizungumza na wazazi, waliwapa watoto karatasi na kalamu za rangi ili wapate la kufanya, bila kuwaagiza wachore nini. Watoto wakachora wapanda farasi wenye bunduki, helikopta, nyumba za nyasi zinazoungua, watu wakikimbia. Hakuna swali lililoulizwa. Aliyetaka kuchora ua alikuwa huru kuchora ua.

Njia ya pili ni ya tiba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walibuni utaratibu uliojaribiwa miongoni mwa wakimbizi nchini Uganda, wakiwamo watoto wa Kisomali katika makazi ya Nakivale, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Mtoto hutandaza kamba sakafuni, kamba hiyo ikiwa maisha yake tangu kuzaliwa; palipo na jambo jema anaweka ua, palipo na jambo baya anaweka jiwe. Kisha, katika vikao kadhaa na mtu yule yule, anapita kamba yote kwa mpangilio, huku msikilizaji akiandika na kumsomea alichosema kikao kilichopita ili asahihishe. Mwishoni maandishi hayo anakabidhiwa mwenyewe. Tofauti na kile kikao cha mara moja ni kubwa: vita vinapata mahali pake kati ya mambo mengine, maua yanahesabiwa, na msikilizaji haondoki na simulizi mfukoni.

Kutokana na hayo, naegemea upande wa kumpa mtoto nafasi ya kusema na kumwondolea wajibu wa kusema. Mwalimu wa insha anaweza kutoa mada mbili badala ya moja, haimgharimu kitu. Chombo cha habari kinaweza kuacha kuonyesha uso na jina hata pale mzazi aliyechoka, ambaye anadhani kukubali kutamletea msaada, amekubali. Kuhusu mashirika, kipimo changu ni rahisi: kama hakuna atakayerudi kwa mtoto huyo wiki ijayo, basi asisimulishwe leo. Najua kipimo hicho kitaziua ripoti nyingi, na kwamba wanaozitegemea kupata fedha za chakula na madarasa huko Kigoma watasema nawanyima watoto mkate kwa ajili ya heshima. Wana hoja, hasa tukikumbuka kwamba watoto wengi waliopitia vita hurejea katika hali njema bila tiba yoyote, wakiwa na mlezi asiyeondoka, chakula cha uhakika na shule. Fedha za hivyo vitu lazima zitoke mahali. Lakini zinaweza kuombwa kwa maneno ya watu wazima waliowahi kuwa watoto hao, ambao wana umri wa kukubali na kukataa.

Kwa Kagera hatuna hata kisingizio hicho. Waliokuwa watoto mwaka 1978 ni watu wazima, vita vyao vimekwisha, hawamwogopi ofisa yeyote, na wengi wao wana wajukuu. Kuwatembelea Missenyi, au hapa hapa Dar es Salaam, na kuwauliza kama wangependa kusema, ni kazi ambayo chuo kikuu chochote chetu kingeweza kuianza muhula ujao. Wapo watakaotaka kila kitakachorekodiwa kiwekwe mtandaoni siku hiyo hiyo, kwa hoja kwamba historia ni ya taifa. Mimi ningependa nakala ya kwanza aipate msimuliaji, yeye aamue kama ya pili iende Nyaraka za Taifa, na akisema ifunguliwe baada ya kufa kwake, basi isubiri.